Sheria ya Ukimya

Katika ukoo niliooa, mahali pa mashemeji ni karibu na mlango. Ukiingia sebuleni kwa mama mkwe wangu utakuta kochi refu la watoto wa kuzaliwa, kisha viti vya mbao vya wajomba na mashangazi, na mwisho kabisa, kando ya viatu, benchi fupi lisilo na mgongo. Hapo ndipo tunapokaa sisi tuliooa na walioolewa. Raha ya benchi lile ni kwamba hakuna anayekuuliza kitu. Unasikia yote, unakunywa chai yako, unakwenda zako. Miaka yote niliyokaa pale sijawahi kuombwa maoni, isipokuwa simu ya mtu inapogoma kuwaka, kwa sababu mimi ni fundi simu.

Mbele, chini ya saa ya ukutani, kuna kiti kimoja chenye mikono. Hicho kilikuwa cha Dada Mkubwa.

Dada Mkubwa ni dada wa mke wangu, kifungua mimba wa mama mkwe. Mumewe alifariki mapema, hawakujaliwa mtoto, na ukoo ukaamua kwa kauli moja kwamba mwanamke asiye na mume wala mtoto hana shughuli. Basi shughuli za wenzake wote zikawa zake. Mtoto akizaliwa, jina linasubiri kauli yake. Watu wakitaka kugombana, wanakwenda kugombania kwake ili wasipoteze muda. Mjomba alipotaka kupaka nyumba yake rangi alimpelekea vibao vitatu achague. Dada akachagua kijani. Mjomba alitaka rangi ya maziwa, lakini akapaka kijani, na kila akipita mbele ya nyumba yake anamlaumu Dada.

Kazi yake ilikuwa kushona mapazia, na alikuwa hodari. Chumba chake cha kushonea kilikuwa na cherehani mbili na mlango unaotazama barabara. Mlango ule haukuwahi kugongwa, maana anayegonga ni yule aliyekuta mlango umefungwa. Watu waliingia tu, wakavuta kigoda, wakaanza. Nimewahi kumkuta na pini saba mdomoni, anashona pindo la pazia la harusi ya watu, huku mabinamu wawili wanamwaga mambo yao ya ndani, mmoja kila upande, na yeye anaitikia kwa pua.

Ukutani, juu ya cherehani, alibandika picha aliyoikata kwenye kalenda tangu akiwa msichana. Kila mtu alijua ni picha ya ng'ambo. Ilikuwa ndoto yake kuishi huko, na hakuificha. Alianza kuisema kabla mimi sijaoa, akaendelea kuisema mpaka watu wakaizoea kama wanavyozoea mtu mwenye kikohozi. Wengi walidhani anatamani maghorofa na magari. Mimi ndiye niliyepata siku moja nafasi ya kuitazama vizuri ile picha, nikingoja anishonee mkanda wa begi. Haikuwa na ghorofa wala gari. Kilikuwa chumba kimoja, dirisha, na kiti cheupe.

"Shemeji," nikamwuliza, "hapa unapenda nini? Kiti?"

"Tazama vizuri, Shemeji," akasema. "Hamna mtu."

Alipokuwa amekwishatimiza miaka hamsini na watu wameacha kumcheka, hoteli moja kubwa ya huko ikamwajiri katika chumba chake cha ushonaji. Kazi yake ingekuwa mapazia, mashuka na sare za wahudumu. Ukoo ulilipokea jambo lile kana kwamba wao ndio walioajiriwa. Shangazi alianza kuongea na wauza duka kwa sauti ya puani. Kaka Mwalimu, mdogo wao wa kiume, anayefundisha hesabu na ambaye sijawahi kumsikia akitamka neno "sijui", alitueleza hali ya hewa ya huko, siasa za huko, na tabia ya maji ya huko yanapochemka. Hajawahi kuvuka mpaka wowote.

Kwenye kikao cha kumuaga walimwuliza akifika atafanya nini kwanza.

"Nitalala," akasema Dada Mkubwa.

Wakacheka mpaka wengine wakafuta machozi. Yeye hakucheka.

Wiki ile ile aliyofika, kikao kikaitishwa. Mtoto wa binamu alikuwa hana jina. Ukaletwa mto wenye taraza, ukawekwa juu ya kiti cha Dada, na juu ya mto ikawekwa simu yangu, maana ndiyo yenye kioo kikubwa, ikaegemezwa kwenye kopo la sukari. Simu yangu ikapata heshima ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuipata. Ilikaa mbele. Watu waliingia wakaiamkia. Shangazi alilalamika kwamba Dada anamwona kidevu tu, ikabidi kopo lisogezwe, na alipoonekana Shangazi, Mjomba akawa haonekani, naye akasema yeye si wa kuachwa nje ya picha katika nyumba ya dada yake mwenyewe. Ule ugomvi wa nani akae wapi mbele ya simu ulichukua muda kuliko jina la mtoto.

Huko alikokuwa, Dada Mkubwa alikuwa kazini, simu kwenye mfuko wa aproni, kitambaa cha pazia refu kuliko sebule yetu kimemjaa magotini. Msimamizi wake alikuwa mama mkimya mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Hakuwa na neno na mtu, lakini kila simu ilipotetema aliivaa ile miwani. Dada alipitisha jina la mtoto akiwa ameinama chini ya meza, akijifanya anatafuta mkasi.

Tukapiga tena kesho yake. Na keshokutwa. Mwanamke akinuniwa na mumewe, mto na kopo. Ukuta wa jirani ukisogea kidogo, mto na kopo. Nilichoka mimi mwenye simu, sembuse yeye. Ninyi semeni mnavyotaka, lakini binadamu aliyesafiri safari yote ile kukimbia kigoda cha mbele ya cherehani, halafu akakikuta kimemfuata mfukoni, ana haki ya kulia.

Siku yake ya mapumziko ilipofika alikwenda dukani akanunua kiti cheupe. Alinisimulia baadaye, naye akisimulia jambo hili sauti yake inabadilika. Alikipandisha mwenyewe ngazini, akakiweka dirishani. Chumba chake kilikuwa na kitanda, jiko la sahani mbili, kabati, na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Akachemsha chai. Akakaa. Akanyoosha miguu, akawa anatazama gari moja jeupe ambalo halikuwa na lolote la kutazamwa. Alisema moyo wake ulitulia mpaka akaogopa. Kisha simu ikaita.

Tulikuwa kikao kizima. Mjomba alitaka kujua, kwa kuwa kijani kimeanza kupauka, apake kijani kile kile au abadilishe.

Niliuona uso wa Dada Mkubwa kwenye kioo. Alimtazama Mjomba, akatazama pembeni, akarudi.

"Semeni polepole," akanong'ona.

"Kuna nini, Dada?" akauliza mke wangu.

"Majirani. Hawapendi kelele."

Hilo tu ndilo alilosema, naapa. Yaliyobaki tulimsaidia sisi.

"Wanashtaki?" akauliza Shangazi.

Dada akasita. "Wanashtaki."

"Polisi wanakuja?"

"Wanakuja."

"Kwa sababu ya simu?" akauliza Mjomba, macho yamemtoka.

"Na simu ndiyo kelele yenyewe."

"Wanaweza hata kukurudisha?"

Hapo aliona maneno yalikokuwa yanaelekea, akayaacha yaende. "Ukirudia," akasema.

 Na pengine jambo lile lingeishia kwenye mashaka, watu wakaulizana, wakapuuza. Lakini Kaka Mwalimu alikuwepo. Akakohoa kidogo, kama anavyokohoa kabla ya kuandika ubaoni.

"Ni kweli," akasema. "Inaitwa Sheria ya Ukimya. Nimewahi kuisoma mahali."

Dada Mkubwa alimtazama mdogo wake kwa mshangao mkubwa. Kisha akanitazama mimi, kule mlangoni, maana alijua natengeneza simu za watu wenye ndugu ng'ambo, na wanapigiana kutwa, na hakuna aliyewahi kukamatwa. Nilimwona ananiomba bila kusema. Nikakumbuka kwamba mimi ni shemeji na mashemeji hawaulizwi kitu. Nikanywa chai.

Mwezi haukuisha, mtaa mzima ukawa unaijua Sheria ya Ukimya. Ndugu zangu wale hawakuipokea kwa huzuni hata kidogo. Waliringa nayo. "Dada yetu anaishi nchi ambayo hata kikohozi kina ratiba," Shangazi alimwambia muuza mboga. Mjomba aliipenda kiasi cha kutaka kuianzisha nyumbani kwake baada ya chakula cha mchana, ikavunjwa na mkewe siku ya kwanza. Kaka Mwalimu aliongeza vifungu kila aliposimulia. Mwanzo ilikuwa siku za kazi tu. Ikafika siku zote. Ikafika kwamba hata ujumbe ni hatari, kwa sababu simu inapopokea ujumbe inalia. Mtu akimtaja Dada na kushika simu kwa pamoja, anapokonywa.

Nilimwambia mke wangu faraghani kwamba sheria hiyo haipo.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Namjua dada yangu. Lakini ukifungua mdomo, watampigia. Mwache apumzike."

Nilimheshimu kwa maneno yale. Ila kikao kilichofuata, kiti cha mbele kikiwa kitupu na mto wake, Mama akasema haifai kikae hivyo, na mke wangu, kwa kuwa ndiye anayemfuata Dada kuzaliwa, akaenda akakikalia. Siku ile alikaa nusu, kama mtu anayengoja kuambiwa aondoke. Kikao kilichofuata alikaa chote. Na niseme ukweli, alikiweza. Vikao vikawa vifupi. Mjomba alipoleta vibao vyake vya rangi alimwambia, "Mjomba, nyumba ni yako," na mzee akabaki ameduwaa na vibao mkononi. Nilianza kujiuliza kama mke wangu anamlinda dada yake au anakilinda kiti. Nadhani hata yeye hakujua.

Na Dada Mkubwa, je? Alilala. Alilala kama alivyoahidi. Alikwenda kazini, akashona mapazia marefu, akarudi, akapanda ngazi, akafunga mlango, akasikia kitasa kinaitika. Kati ya mlango na dirisha hapakuwa na mtu anayemtaka. Anasema alikuwa akizungumza na kiti. Anasema alinenepa. Msiniambie kwamba ng'ambo ni maumivu matupu na aliyekwenda lazima ajute, hizo ni hadithi za kuwafariji waliokosa safari. Mwanamke yule alikuwa na furaha, tena furaha aliyoingoja tangu ujanani, na kila siku yake ilikuwa halali yake.

Ilichukua muda mrefu mpaka ukimya ukaanza kumzidi uzito. Dalili ilikuwa ndogo. Kazini walimletea sare ya mhudumu aliyenenepa, wakamwuliza aongeze kitambaa ubavuni au mgongoni, na Dada akajikuta anaeleza kwa robo saa, na mama wa miwani akaivaa miwani yake. Jioni ile akasikia maji ya jirani wa mlango unaotazamana na wake, mtu ambaye hajawahi kumwona, akajikuta anasema peke yake, "Leo umechelewa kuoga." Kisha akaona haya.

Akapiga simu nyumbani. Alimpigia mama yake, siku ya mapumziko, mchana kweupe.

"Mwanangu," mama mkwe akanong'ona, "uko salama?"

"Niko salama, Mama. Nilitaka tu..."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Haya, kata. Kata upesi, wasije wakakusikia."

Na akakata yeye. Akapiga kwa Shangazi, Shangazi akapokea, akahema, akakata. Akapiga kwa Kaka Mwalimu, akasikia sauti ya darasani: "Tahadhari, Dada. Wanafuatilia." Akampigia Mama tena, na Mama, kwa mapenzi yote aliyonayo, akaizima simu na kuifungia kabatini. Dada Mkubwa alikaa kwenye kiti chake cheupe akiwa na simu mkononi, na hakuna aliyemtaka. Alisema hapo ndipo alipojiona mjinga wa mwisho. Aliomba asigongewe mlango, nao kwa upendo wakaupigilia misumari kwa nje.

Sasa nije kwa binti. Huyu ni mtoto wa Kaka Mwalimu, ila mama yake alikuwa akiugua sana alipokuwa mdogo, kwa hiyo alilelewa chini ya cherehani ya Dada Mkubwa. Alijifunza kutembea kwa kushika kitambaa cha pazia. Hajawahi kuvaa nguo ya shule iliyoshonwa na mtu mwingine. Tangu akiwa wa kubebwa, Dada alikuwa akimpima na kumwambia, "Gauni lako la harusi nitalishona mimi, na usinenepe wiki ya mwisho." Akaposwa. Tukafurahi sana. Kikao cha kwanza cha harusi, binti mwenyewe akauliza, "Shangazi Mkubwa ameshaambiwa?"

Watu wakatazamana.

"Hatuwezi kumwambia," akasema Kaka Mwalimu.

"Kwa nini, Baba?"

"Fikiri. Wewe unamjua shangazi yako. Akisikia unaolewa atafanya nini?"

"Atapiga kigelegele," akasema Mama.

"Ndani ya jengo la ghorofa," akasema Kaka Mwalimu, akafumba macho kama anayeona gari la polisi.

Ikapita. Wale watu, wazima wote, wenye akili zao, waliamua kumficha mwanamke harusi ya mtoto aliyemlea, kwa sababu furaha yake ina kelele. Gauni wakaamua kulikodi. Binti aliinamisha kichwa. Mimi nikamtazama mke wangu kwenye kiti cha mbele, nikingoja aseme lile neno tunalolijua wawili. Alifungua mdomo. Akaangalia mikono ya kiti. Akasema tuendelee na suala la ukumbi.

Nilikasirika, na mimi si mtu wa hasira. Nimekaa kwenye benchi lile miaka yote nikijivunia kutoulizwa, lakini kuna siku mtu haulizwi na bado anajibu. Asubuhi iliyofuata, kabla sijashika hata bisibisi, nikampigia Dada Mkubwa nikiwa kibandani kwangu.

"Shemeji," nikasema, "binti anaolewa. Wameamua usiambiwe, usije ukapiga kigelegele ukarudishwa. Na gauni wanakodi."

Nikasikia anasogeza kiti.

"Wanakodi," akasema.

"Wanakodi. Kikao ni Jumamosi mchana."

"Gauni hilo litaburuza upande mmoja," akasema. "Bega lake la kushoto liko chini kidogo. Nani anajua hilo?" Akavuta pumzi. "Shemeji, nikisema ukweli watarudi mlangoni kwangu wote. Unawajua."

"Nawajua."

"Sitapata tena siku moja ya kukaa."

 Alikuwa anasema kweli.

Jumamosi nilikaa benchini kwangu, simu mfukoni. Kikao kilikuwa kimepamba moto, wanabishana kuhusu viti vya kukodi, vyenye vitambaa au bila vitambaa. Simu ikaita. Nikaipokea, nikaigeuzia watu. Dada Mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti chake cheupe, kilemba kichwani, amevaa kama anayetoka.

"Kata," akasema Shangazi. "Fundi, kata hiyo, unamwangamiza."

"Binti yuko wapi?" akauliza Dada.

Binti akasimama.

Dada Mkubwa akasimama vilevile. Akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akapiga kigelegele. Kirefu. Kilikuwa cha miezi yote ile aliyonyamaza, kikajaza chumba chake, kikajaza sebule yetu, kikatoka dirishani tukasikia watu wa nje wanaulizana kuna nini. Mama mkwe alijishika kifua. Kaka Mwalimu alitazama saa ya ukutani, nadhani akihesabu muda wa polisi kufika. Dada akamaliza, akapumua.

Na kwenye simu, sote tukasikia mlango unagongwa.

"Ndio hao," akanong'ona Mjomba.

Tulimwona Dada Mkubwa anageuka. Ule mlango haukuwahi kugongwa tangu ahamie. Alisimama akiutazama, na mimi ninayemjua nitasema kwamba uso wake haukuwa wa mtu anayeogopa. Akaweka simu dirishani, akaenda akafungua. Akaingia mama mtu mzima, kandambili miguuni, taulo limezungushwa kichwani, povu la sabuni likimchuruzika shingoni. Alikuwa jirani wa mlango unaotazamana na wake. Alikuwa akiosha nywele, akasikia ukelele, akajua kuna mtu anakufa, akaja alivyo.

"Ile kofia ndiyo sare yao?" akauliza Shangazi.

Mama mkwe alinipokonya simu. Akaileta karibu na uso mpaka nadhani kule wakawa wanaona pua tu.

"Afande," akasema, "mwache mwanangu. Si mkorofi. Ana furaha tu. Kuna harusi huku kwetu. Kosa ni letu sisi, yeye hatukumwambia."

Yule mama wa taulo hakuelewa hata neno. Akainama kwenye simu, akatabasamu, akapunga mkono. Mama mkwe naye, katikati ya machozi, akapunga.

Dada Mkubwa alianza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Alipotulia alikuwa analia.

"Mama," akasema, "hakuna polisi. Hakuna sheria. Haijawahi kuwepo. Nilichoka tu."

 Mama mkwe alikitazama kile kioo kwa muda.

"Si ungesema umechoka, mwanangu."

"Ningesema, mngepiga simu kuniuliza nimechoshwa na nini."

Nadhani kila mtu mle ndani alikuwa anafungua mdomo kumwuliza hilo hilo. Wakaufunga. Mama mkwe akapangusa kioo kwa ncha ya khanga, taratibu, kama anayempangusa mtoto uso.

"Basi ni sisi," akasema. "Tumekuchosha."

"Itakuwa wameifuta," akasema Kaka Mwalimu. "Nilisoma mahali kwamba wana mpango wa kuifuta." Hakuna aliyemjibu, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu nilimwona anatazama chini.

Mke wangu aliinuka kwenye kiti cha mbele.  Akachukua mto, akaukung'uta, akauweka vizuri, akanyoosha mkono apewe simu. Masikio yake yalikuwa yamewiva.

"Kaa, mdogo wangu," akasema Dada Mkubwa.

"Dada, kiti ni chako."

"Nimekikalia kile mpaka mgongo ukapinda. Nasikia unakiweza. Kaa."

"Wewe tukuweke wapi?"

Dada akafikiri kidogo. "Niwekeni kwa mashemeji," akasema. "Pale mlangoni, kwenye viatu. Ila gauni mlirudishe. Binti, simama mbali kidogo. Geuka. Geuka tena. Umekonda. Haya, kaa, nimeshakupima."

Nikarudishiwa simu yangu. Nikakaa benchini, nikamweka Dada Mkubwa gotini, ameelekea mbele kama mimi. Kikao kikaendelea. Vitambaa au bila vitambaa. Mke wangu alikata shauri upesi, watu wakanuna kiasi, wakahamia kwenye gari la bibi harusi. Kwenye kioo nilimwona yule mama wa taulo. Alikuwa amekalishwa kwenye kiti cheupe dirishani, kikombe cha chai mkononi, anatuangalia tunavyobishana kama mtu anayeangalia mpira wa timu asizozijua. Dada mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake, maana chumba kizima kilikuwa na kiti kimoja.

Ndipo Mjomba akakumbuka. Akageuka kutoka mbele, akakunja shingo mpaka mlangoni.

"Sasa Dada Mkubwa," akasema, "maadamu uko hewani. Ile nyumba yangu, kwa ajili ya harusi. Kijani, au maziwa?"

Sebule nzima ikageuka kututazama, kwa mazoea yale yale. Nilihisi simu imetulia mkononi mwangu.

"Mjomba," akasema Dada Mkubwa, "mimi niko huku mlangoni. Huku hatuulizwi kitu."

Nikamsogeza mbele kidogo aone vizuri, nikachukua kikombe changu. Yeye akachukua chake.